Waya Zilizokatwa Kitale

Siku nilipoolewa nilivalishwa waya. Siyo pete, pete tuliziona baadaye kwa watu wa kanisa. Ilikuwa waya ya shaba, inazungushwa mkononi kuanzia kwenye kifundo, inapanda mpaka karibu na kiwiko, mkono wa kushoto na wa kulia. Aliyenivalisha alikuwa mhunzi wa karibu na Misikhu, huko kwetu Bungoma, mzee mwenye vidole vilivyoungua, na kazi yake ilianza umande haujakauka ikaisha ng'ombe wakirudi kutoka mtoni. Hakuna kulia. Ukilia, shangazi zako watakucheka mpaka uzeeke. Mimi sikulia, lakini nilijikojolea kidogo. Shangazi mmoja aliona, akanimwagia maji miguuni akasema kwa sauti, "Jua kali, wacha bibi arusi apoe." Jina lake ninalo. Majina ya wote waliokaa pale ninayo. Sitayaandika, kwa sababu wajukuu wao wako hai na hawakuniruhusu.

Waya zile zilikuwa urembo wetu. Kila asubuhi nilizisugua kwa majivu na ndimu mpaka ziwake. Nikisaga wimbi kwenye jiwe zilikuwa zinalia, na mtu anayepita njiani alijua ndani ya nyumba ile kuna mke. Jua likiwa kali zinachoma. Mvua ikinyesha ngozi inawasha chini yake, na huwezi kujikuna, unapitisha ujiti wa mtama pole pole. Tulivumilia. Hata wasichana wa siku hizi wanavumilia viatu.

Mama mkwe wangu hakuwa na waya. Alikuwa nazo zamani, akavuliwa siku baba mkwe alipozikwa, mbele ya watu, wanawake wawili wakimshika. Ndiyo ilikuwa desturi: mke hatoi waya mpaka mume afe. Hata mkono ukiumwa, dawa unapaka hapo hapo juu. Ukikutana na mwanamke ambaye jana alikuwa na waya na leo hana, huulizi kitu. Unaweka mzigo chini, unalia naye. Mikono ya mama mkwe ilikuwa na sehemu iliyobaki nyeupe nyeupe, kama mti uliobanduliwa gome, na hakuificha. Watoto wake wa kiume walikuwa wanne. Watatu walimalizwa na surua wakiwa wadogo. Aliyebaki ndiye alikuwa mume wangu.

Mume alikuwa Kitale, kwenye shamba la mahindi la mzungu, anaongoza ng'ombe wa plau. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, palizi ilipoisha, mama mkwe aliniambia, "Nenda umwone mtu wako. Kaa naye, mpikie, urudi kabla ya kuvuna wimbi." Nikaenda.

Kumbe Kitale wanawake walikuwa wameacha waya. Wale wa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, walivaa bangili za kioo, nyekundu na kijani, na vipuli vya kuning'inia masikioni. Mmoja ambaye alikuwa akipika mandazi upande wa Kibomet alikuwa na kipini puani, kinyota kidogo chenye jiwe jekundu. Nilimwangalia kipini hicho mpaka chai ikapoa.

Walinicheka tangu siku ya kwanza. Nikienda kuteka maji: "Haya, kengele imefika, watoto waende shule!" Mwingine anamwambia mume wangu, "Shemeji, huyu hatuwezi kwenda naye kuokota mahindi ya mzungu. Mkono akiinua tu, askari ameamka!"

Mume wangu alicheka nao. Tulipofika nyumbani hakucheka.

"Toa hizi vitu," akaniambia. "Unakaa kama kukhu yangu."

Kukhu kwetu ni nyanya. Nikamwambia, "Zitatolewaje, na wewe uko hapa?"

"Si ndiyo maana nakwambia! Niko hapa. Nani amekufa?"

Nililala na neno hilo siku mbili. Nilijua desturi, nisiseme sikujua. Lakini nilikuwa na umri wa kutaka kupendeza, na mwenye waya mwenyewe ndiye alikuwa akisema zitoke. Jumamosi tukaenda mjini kwa fundi mmoja Singasinga aliyekuwa akitengeneza mabirika na mikebe. Mume wangu alinishika mkono, akaushikilia juu ya meza, na fundi akatia koleo. "Mama, usitikisike," fundi akasema. "Koleo hii haina macho." Waya ikasema ta, ta, ta. Nakumbuka nilimtazama mume wangu usoni nikafikiri, mtu atakufaje huku amenishika mkono hivi, na joto lake lote?

Mikono ikawa myepesi. Nilikuwa nikiinua kikombe nakigonga kwenye meno.

Kutoka hapo tulivuka barabara kwenye duka la Mhindi, tukanunua bangili za kioo na kipini. Mama mwenye duka alizisukuma mkononi mwangu kwa sabuni, akifinya vidole vyangu kama mtu anayekanda unga. Masikio nilikuwa nimetobolewa utotoni kwa mwiba, kwa hiyo vipuli viliingia bila shida. Pua ilitobolewa na yule mama wa mandazi, kwa mwiba wa mlimau, akapitisha uzi wenye samli. Pua ilivimba siku nne. Nilijiona malkia.

Siku ya kurudi Bungoma ilipofika, nilikuwa na woga mmoja tu: pua. Nilijua mama mkwe atasema, "Umejitia kamba kama fahali, nani anakuvuta?" Njia nzima nilitunga jibu. Nitamwambia Wahindi wanasema kipini kinatuliza maumivu ya kichwa. Bangili nilizivua, nikazifunga kwenye leso zisivunjike, maana nilipanda lori la mahindi, juu ya magunia. Lori liliniteremsha Misikhu. Nilipokaribia nyumbani nilichukua kitambaa nikajifunika pua na mdomo, nikashikilia kwa mkono.

Mama mkwe alikuwa uani, ameinama, anaanika mtama kwenye mkeka. Aliinua kichwa. Aliona uso uliofunikwa na kitambaa. Halafu aliona mkono ulioshika kitambaa.

Sijawahi kusikia tena sauti ile. Hakuita jina la Mungu wala la mtu. Alianguka juu ya mtama, akauchota kwa mikono yote miwili akajimwagia kichwani.

"Mayi!" nikaita, maana ndivyo tunavyomwita mama. "Mayi, yuko mzima!" Lakini nilikuwa bado nimeshika kitambaa mdomoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulia kwa hofu. Majirani waliokuja mbio walikuta wanawake wawili wanalia, mmoja ni mjane na wa pili hana waya. Wangejua nini kingine? Wakalia. Mlio ukavuka mto. Kabla jua halijafika kati, ua ulikuwa umejaa watu, na mtu alikuwa ameshatumwa kwa mashemeji zetu wa mlimani.

Baba mdogo wa mume wangu ndiye alinishika mabega. "Sema taratibu, mwanangu. Alikufa kwa nini?"

"Hakufa, baba."

"Ndiyo, ndiyo. Umemwacha wapi?"

"Kitale. Nimemwacha anakula ugali."

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini, akili imeruka."

"Sasa nani alikuvua?" baba mdogo akauliza.

"Yeye mwenyewe."

Hapo kilio kilikatika. Nilidhani ukweli utanisaidia, kumbe ndiyo uliharibu zaidi. Mama mkwe alikaa, mtama umeshika kwenye nywele. Akaniangalia kama mtu anayesoma barua.

"Mwanangu alikuvua waya kwa mkono wake?"

"Alinishika tu. Fundi ndiye alikata."

"Na wewe ukaacha."

"Nikaacha, Mayi."

Hakunipiga. Alisema mbele ya watu wote kwamba hatalala ndani na hatatia chakula mdomoni mpaka amshike mwanawe kwa mikono yake. Wazee nao wakasema kwamba mtu aliyeliliwa hawezi kupita mlangoni kama aliyetoka sokoni. Akija, atobolewe ukuta wa nyuma aingilie hapo. Mimi nilitumwa nimlete.

Nilipanda lori asubuhi iliyofuata. Mjini Kitale nilipita dukani, kwa sababu miguu ilikataa kwenda moja kwa moja kwa mume. Yule mama Mhindi aliniona akauliza kwa Kiswahili chake, "Bangili yangu iko wapi? Imevunja?" Nikamweleza yote, sijui kwa nini yeye. Alisikiliza huku akipima mchele wa mtu. Kisha akavuta mkono wangu akautazama.

"Sisi, bwana akikufa, wanavunja yote," akasema, akigonga bangili zake mwenyewe kwa kidole. "Nyekundu hii, yote. Wewe hujaniambia nyinyi pia. Mimi ningekufukuza dukani."

Mume wangu, nilipomweleza, alicheka mpaka akashika nguzo. "Ati nimekufa! Niende nikale nyama ya matanga yangu!" Nikamwambia mama yake amekaa chini nje tangu jana bila kula. Akaiacha ile nguzo. Akaenda kwa nyapara, na nyapara akaenda kwa mzungu. Mzungu akasema maiti huyu apewe siku mbili, lakini arudi afanye kazi.

Tulifika siku ya tatu. Mama mkwe alikuwa bado nje, midomo imekauka, wanawake wamemzunguka. Walimpitisha mume wangu nyuma ya nyumba bila kumsalimu, akaingia kwa kutambaa kwenye tundu lililotobolewa ukutani. Wakamwita mama yake ndani. Nilisimama mlangoni nikaona. Alimshika kichwa, akashika masikio, akaingiza kidole mdomoni mwake akapapasa pengo la meno ya chini, yale tunayong'olewa tukiwa wadogo. Alipoliona ni lenyewe akashusha pumzi.

"Umekula?" akamwuliza.

Akanipita mlangoni kwenda kumtafutia chakula.

Niseme ukweli, hakuna aliyenifukuza. Lakini mama mkwe hakuniangalia tena. Nikimpelekea uji alipokea huku macho yako kwenye mlango. Ile pua niliyoihofia aliiona baada ya mwezi mzima.

"Hiyo ni nini?"

"Ni urembo, Mayi."

"Inakupendeza," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilikwenda kwa mhunzi kisirisiri, nikarudi nikamwambia mama mkwe kwamba mhunzi yuko tayari kunivalisha upya, nivumilie kama mwanzo. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi nilishamlilia mtoto wangu. Ukirudisha waya, itabidi siku moja uzivue tena mbele yangu. Wataka nimlilie mara mbili?" Nikaanza kuvaa blauzi ya mikono mirefu hata wakati wa jua, nikiwa mbele yake.

Miaka ilipita. Kanisa lilisambaa, mwalimu wa ubatizo akasema waya ni mambo ya giza, na wanawake wakaanza kuzivua kumi kumi. Mhunzi alirudi kulima. Watoto wangu walizaliwa, wa kike nikawatoboa masikio mwenyewe. Mama mkwe alizeeka akiangalia mikono mitupu ya wanawake wa kijiji, na yeye alimwuliza kila mmoja wao, hata mke wa mwalimu, "Bwana yako yuko mzima?" Watu walidhani ni uzee. Mimi nilijua ni mimi niliyemtia ugonjwa huo, na nilimwomba Mungu anisamehe kupitia yeye, maana nilitaka anitazame usoni hata mara moja tu kabla hajafa.

Mume wangu alikufa kweli baada ya vita vya Hitler, wakati vijana wameanza kuzungumza mambo ya uhuru. Kifua. Aliletwa kutoka Kitale na lori, amefunikwa blanketi la kazi. Sikulia kwa sauti. Nilikuwa naogopa kutangulia, nisije nikamuua kwa sauti mtu ambaye labda atainuka.

Baada ya kuzika, wanawake wa kanisa walikaa nami, wakaimba, wakasema hakuna desturi nyingine, sala inatosha. Mama mkwe hakuwa akilia. Alikuwa amesema hawezi mara mbili, na alishika neno lake. Wajukuu walimbeba wakamleta, maana miguu ilikuwa imeisha, wakamweka kwenye mkeka kando yangu. Kisha alinitoa vipuli, kimoja kimoja, akanitoa kipini kwa ncha ya vidole, pole pole ili pua isiume, akavifunga kwenye pembe ya leso yake.

Akapandisha mkono wa blauzi yangu. Akashika mkono wa kushoto pale chini ya kiwiko, akaanza kuzungusha vidole juu ya ngozi, kuuzunguka mkono wote, akishuka, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayekunjua waya. Wanawake waliacha kuimba. Alikuwa akifanya bila haraka, na kila alipomaliza mzunguko alinitazama usoni kuona kama naumia. Alipofika kwenye kifundo alivuta kidogo, akaweka chini kitu ambacho hakikuwepo.

Nikampa mkono wa kulia.