Maji Ndani ya Mrututu

Muuza pembejeo alipofungua mfuko wa mrututu, buluu yake kali ilinirudisha moja kwa moja jikoni kwetu Keza, kwenye moshi wa majani makavu ya mgomba.

Siku hiyo mwalimu wa kemia alikuwa ameandika ubaoni mlinganyo wa mrututu unaochomwa: CuSO₄·5H₂O → CuSO₄ + 5H₂O. "Maji yaliyomo kushoto," alisema, "lazima yatokee kulia."

Nilikimbia mteremko wote hadi nyumbani. Jiwe kavu lina maji! Na jiwe lenyewe tulikuwa nalo, dawa ya kahawa ya mama!

"Shikamoo mama. Naomba punje moja ya mrututu."

"Marahaba. Ukiniharibia dawa, kahawa utainyunyizia mate?"

Lakini alinipa. Niliiweka kwenye kopo bovu juu ya makaa. Ikaalika, buluu ikafifia, ukabaki unga mweupe kama chokaa.

"Umeiua!" mama alipiga kelele.

"Subiri, mama!"

Kopo lilipopoa, nilidondoshea unga ule tone la maji. Buluu ikarudi palepale! Niliruka na kushangilia hadi kuku wakatoka mbio.

Mama aliokota kaa lililozimika, akanipa.

"Andika ukutani. Nione ulichofanya kinavyoandikwa."

Niliandika mlinganyo wote.

"Na maji yenyewe ni yapi?"

Nikamwonyesha. Akayagusa kwa kidole.

Tangu hapo, kila alipokandika upya kuta za jiko, mkono wake wenye udongo ulifika penye maandishi yale, ukapazunguka.