Pua na Tangi la Kushoto

Haya ninayoandika hakuna atakayeyaamini, wala sijali. Mimi nilikuwepo, ninyi hamkuwepo.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye fundi wa ile boti ya kifahari inayofungwa gati la tatu. Tunamwita Pua. Hawashi injini kabla hajafunua chumba chake akanusa, maana dizeli ikidondokea bomba la moto, boti inageuka kuni. Kisha anapitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungo cha mabomba. Ikitoka na doa, hakuna safari. Geji ya mafuta haiamini, anapima tangi kwa kijiti. Hata mimi haniamini, na mimi ndiye niliyemfundisha kutembea!

Jumatatu moja Kapteni akaja amekunja uso. Wiki nzima boti haijatoka, inanguruma jenereta tu kwa ajili ya friji, lakini tangi la kushoto limepungua lita mia mbili.

Mlinzi wa boti ni mimi. Aliyenidhamini ni Pua. Kapteni akasema mwizi asipojulikana kabla ya saa kumi jioni, tunaondoka wote wawili.

Pua akanigeukia. "Mjomba, leta mikono."

"Mikono ya nini, mama?"

"Leta."

Akanusa viganja, shati, mpaka kofia. "Vitunguu," akasema, lakini hakuniondolea jicho.

"Sasa heshima yangu umeiacha wapi?"

"Heshima baadaye. Vua viatu."

Akavinusa navyo, maskini, akakohoa. Ndipo akashuka na kijiti chake. Tangi la kushoto, kweli, limepungua. Akapima na la kulia, ambalo hakuna aliyelikumbuka kwa kuwa halitumiki. Kijiti kikatoka kimelowa karibu chote.

"Kapteni, hili si lilikuwa nusu?"

"Nusu. Wiki iliyopita nilihamishia jenereta kushoto mwenyewe."

"Ulizungusha vali ngapi za mabomba?"

"Moja."

"Ziko mbili. Jenereta inavuta mafuta mengi kuliko yale inayoyachoma, yanayobaki yanarudi tangini. Umeivutisha kushoto, ukaiacha irudishe kulia. Bado vidole viwili tu lijae, kisha yangemwagika nje kwa tundu la hewa, maji yote hapa yang'ae dizeli."

Akaizungusha ile vali ya pili, akapitisha karatasi yake. Nyeupe. Kapteni akasema haya, kazini wote.

Hapo sasa ndipo damu ilipochemka. Nikamkamata Kapteni kola, nikamwinua kwa mkono mmoja mpaka miguu ikaning'inia, nikamwambia, wewe bwana, ukirudia tena kunisingizia mimi, nita—

"Mjomba, hebu nione unachoandika. Kola gani? Si ulikuwa umesimama peku, umekumbatia viatu?"