Kiraka Kisichongoja Jumamosi

Tulikuwa kikundi cha watu watano, na seva yetu ilikaa Matiliku, katika chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ndani yake mlikuwa na msimbo wote wa programu tuliyowaandikia wakulima wa ndengu wa Kyuso, pamoja na nywila za kufikia majina yao, simu zao na mashamba yao.

Jumatano moja asubuhi nilisoma tangazo la waliotengeneza programu inayoendesha seva hiyo. Ilikuwa na tundu: mtu yeyote mtandaoni angeweza kuingia bila nywila. Kiraka cha kuliziba kilikuwa tayari. Alihitajika tu mtu wa kukiweka.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alisema tungoje mkutano wa Jumamosi. Wawili wetu walikuwa mazishini Kyuso na mmoja alikuwa na shughuli Malili.

"Kazi ya wote hufanywa na wote," alisema. "Hiyo ndiyo mwethya, kijana. Bwawa halichimbwi na mtu mmoja."

Ni kweli, mwethya ndiyo iliyochimba mabwawa na matuta ya Ukambani. Watu hukutana na majembe yao, na hakuna anayeanza kabla ya wenzake. Lakini nani aliamua kwamba seva ni bwawa?

"Mwalimu, ukuta wa bwawa ukipasuka Jumatano, utangoja Jumamosi?"

"Haujapasuka."

"Umeangalia?"

"Wewe ulienda chuo kusomea kompyuta au ubishi?"

"Vyote viwili."

Nilinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, nikawaandikia wenzangu kwamba nazima seva, nikaanza. Kiraka kikakataa. Toleo letu lilikuwa la zamani mno. Halikuweza kuruka hadi jipya, ilibidi lipitie matoleo matatu ya katikati, moja baada ya jingine. Tulikuwa tumeachwa nyuma kwa sababu Jumamosi baada ya Jumamosi mmoja wetu alikosekana, na bila watano hatukugusa mashine.

Mwalimu alivuta kigoda akaketi nyuma yangu.

"Msimbo ukipotea, utaenda Kyuso kuwaeleza wewe. Peke yako, kwa vile unapenda kazi za peke yako."

Katika hatua ya pili skrini ilijaa makosa mekundu. Nilijua kwamba nikiharibu, hakuna atakayekumbuka tundu. Watakumbuka mkono wangu. Nilisoma makosa polepole. Hifadhidata ilikuwa bado inajipanga nami nilikuwa nimeikatiza kwa haraka yangu. Kosa langu, si la mwethya. Niliiacha imalize, nikarudia hatua ile, ikapita.

Saa tisa alasiri kiraka kilikuwa mahali pake. Ndipo nilipofungua kumbukumbu za seva, orodha ya kila aliyejaribu kuingia. Tangu Jumatatu, watu tusiowajua walikuwa wakijaribu kuingia kupitia tundu lile lile. Sikuona dalili kwamba walifaulu. Lakini kutoona si ushahidi, kwa hiyo nilibadilisha nywila zote.

Mwalimu alipitisha kidole kwenye mistari ya orodha ile. "Hawa wote walikuwa mlangoni?"

"Wote. Na hakuna aliyengoja akidi."

Jumamosi wenzangu walishukuru, kisha wakanihukumu. Faini ya anayevunja mwethya ni kupikia kundi zima muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kuomba radhi kabla ya watu kula. Niliomba tubadilishe kanuni: atakayeona tundu alizibe kwanza, aitishe mkutano baadaye. Mikono miwili iliinuliwa, mmoja wangu. Mwalimu aliukunja wake kifuani.

"Sema pole, yaishe," yule dada aliyekuwa Malili, aliyeinua mkono pamoja nami, aliniambia kwa sauti ya chini.

"Muthokoi nitapika, maana nyote mna njaa," nilisema. "Pole sina. Wakitangaza tundu jingine siku ambayo si Jumamosi, nitafanya vile vile. Andikeni kabisa sufuria mbili."