Ncha ya Pili ya Uzi

Naikumbuka Jumapili moja ya mvua katika mtaa wa mabanda wa Gatwekera, mwanangu, maji yakigonga mabati kwa nguvu hata tukawa tunapaza sauti ili tusikilizane ndani ya chumba kimoja. Nilikuwa nimemaliza shule ya upili na nilikuwa nikisubiri nafasi katika chuo cha ualimu. Wakati huo nilimlea Nanjala, binti wa dada yangu, mtoto aliyekuwa ameanza tu kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe. Mama yake, Nasimiyu, alifanya kazi ya nyumba mtaa wa mbali, akilala hukohuko, na alikuja kwetu siku ya Jumapili pekee, tena kama mwajiri wake hakuwa na wageni.

Siku hiyo alifika amelowa, viatu mkononi, mkate ameuficha chini ya leso. Akamnyooshea mtoto mikono. Nanjala akarudi nyuma, akashika sketi yangu, akatangaza kwa sauti ya mtoto mwenye habari njema:

"Mama! Anti amekuja."

Mama nilikuwa mimi. Anti alikuwa yule aliyemzaa.

Dada yangu alicheka. "Haya, basi anti ameleta mkate," akasema, akauweka mezani, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kuosha sufuria. Jioni alipokuwa akivaa viatu ndipo aliponiambia, bila kuniangalia, kwamba likizo ya Agosti angempeleka mtoto Bungoma kwa mama yetu.

"Kama ni kuitwa anti," alisema, "heri aniite akiwa huko mbali, nisisikie."

Nilijua maana ya maneno hayo. Mtoto aliyepelekwa nyumbani namna ile angemwona mama yake wakati wa Krismasi, na baada ya miaka michache wangekuwa wanasalimiana kama wageni waliokutana kanisani.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu juzi ulinisimamisha ngazini ukaniuliza ni kazi gani nyepesi ya uzi unayoweza kufanya na wanao wadogo, maana shule zimefungwa na simu imewalevya. Nitakujibu. Lakini mimi sijui kusema habari za uzi bila kusema habari za chumba kile, kwa hiyo univumilie.

Aliyepakana nasi ukuta aliitwa Kukhu Naliaka, kukhu yaani nyanya kwa lugha yetu, mjane aliyeishi kwa sweta kuukuu. Aliokota sokoni sweta za mitumba zilizochakaa viwiko, akazifumua mshono kwa mshono, akaosha ule uzi na kuuanika kwenye waya ukiwa umefungiwa mawe ili mikunjo yake inyooke. Baadaye aliufuma upya kuwa sweta za shule na kofia za watoto wachanga. Mabaki aliwapa watoto wa ploti, vile vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua mmoja. Hakuna mtoto wa ploti ile aliyewahi kuona uzi mpya, na hakuna aliyejua kwamba hilo ni upungufu.

Aliwafundisha kufunga vijiti viwili mfano wa msalaba, kisha kuzungusha uzi kijiti baada ya kijiti, rangi juu ya rangi, mpaka pakatokea pambo la pembe nne la kutundika mlangoni. Aliwafundisha kufuma mnyororo kwa vidole vitupu, kitanzi kikipita ndani ya kitanzi. Aliwafundisha kuuzungusha uzi mara nyingi kwenye kiganja, kuufunga katikati kwa nguvu, na kukata pande zote mbili, ukageuka kuwa mpira wenye manyoya kama kifaranga. Mkasi aliushika mwenyewe. Kazi hizi zote mtoto akishaonyeshwa huweza kuendelea nazo peke yake pembeni, ndiyo maana wazazi wenye shughuli huzipenda.

Lakini Nanjala alipenda kamba ya kusokota, na kamba ya kusokota huhitaji watu wawili. Kila mmoja hushika ncha yake, wakasimama mbali, uzi ukanyooka kati yao. Kila mmoja huzungusha kuelekea mkono wake wa kulia, bila kuchoka, mpaka uzi ukaze na kuanza kutaka kujikunja. Hapo hushikwa katikati, na zile ncha mbili huletwa pamoja. Ukiachilia katikati, uzi hujisokota wenyewe kama kitu chenye uhai, na mnabaki na kamba nene, imara, isiyofumuka.

Mimi nilikuwa na vitabu vyangu. Usaili wa chuo ulikuwa umekaribia, na nilikuwa nasoma kila kilichoandikwa, hata magazeti yaliyofungiwa nyama. Kwa hiyo nikaona njia: nilifunga ncha moja kwenye msumari uliokuwa karibu na mlango. Nanjala alisokota peke yake, uzi ulipokaza aliniita, nami nikainuka mara moja, nikamkunjia, nikarudi kwenye ukurasa wangu.

Kukhu alitukuta hivyo siku moja alipokuja kurudisha beseni. Alisimama mlangoni akamtazama mtoto, akautazama msumari.

"Niambie, mwalimu," alisema. Aliniita mwalimu kabla sijawa, nusu kwa heshima, nusu kwa kunicheka. "Huyu msumari ndiye mlezi wake siku hizi?"

"Kukhu, si unaona nasoma?"

"Naona. Na mlezi mwenyewe ni mzuri. Halalamiki, hali chakula, haendi disko. Krismasi tumnunulie nguo."

Nanjala akacheka mpaka akaachilia uzi. Mimi sikucheka. Kukhu akaweka beseni chini, akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliofunikwa, na sauti yake ikabadilika.

"Na mwenye mtoto huja Jumapili kufanya nini? Mimi namwona. Anafua nguo zako, anapika chapati, anasugua sufuria, anaenda. Juma zima anafulia watu, halafu anakuja hapa kukufulia wewe. Mtoto atamjuaje? Anamjua kama mama wa kufua. Umesoma vitabu vyote hivyo na hili hujalisoma?"

Nilitaka kujibu kwamba sikuwahi kumwomba afue. Ilikuwa kweli. Nasimiyu aliona aibu kwamba namlelea mtoto, na akajaribu kuilipa aibu ile kwa sabuni. Nami nilipokea nguo safi kama mtu anayepokea salamu, bila kuuliza zinatoka wapi.

"Jumapili ijayo ufue wewe," Kukhu akasema akiinuka. "Yeye mpe uzi. Na umwambie asimvute mtoto, asimbembeleze, asimlilie. Ashike ncha yake tu."

Jumapili iliyofuata Nasimiyu aliingia, akaweka mkoba chini, akanyoosha mkono kuchukua beseni. Nikaliwahi.

"Leo nafua mimi."

"Wewe?" akasema. "Unaumwa?"

Nikampa uzi mwekundu ambao Kukhu alikuwa amenipa asubuhi, nikamnong'oneza yale niliyoagizwa, nikatoka na nguo nje, chini ya upenu, mahali nilipoweza kuona ndani kupitia mlango ulioachwa wazi. Dada yangu alisimama karibu na kitanda. Mtoto alisimama karibu na mlango. Kati yao palikuwa na uzi.

"Zungusha," Nanjala akaamuru. "Si huko! Kulia. Anti, kulia!"

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kila mtu na kwake!"

"Sawa, madam."

Wakazungusha. Vidole vya dada yangu vilikuwa vimepasuka kwa sabuni, na uzi ulikuwa ukinasa kwenye nyufa zake, lakini hakusimama.

"Usiachilie," mtoto akaonya.

"Siachilii."

"Ukiachilia itaharibika yote."

"Nimekwambia siachilii, Nanjala."

Uzi ukakaza. Wakati wa kuleta ncha pamoja ukawadia, na mtoto, kwa mazoea, akageuza kichwa nje.

"Mama! Njoo ukunje!"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu. Niliinua macho na kumwona Kukhu mlangoni pake, amekaa na sweta mapajani, akinitazama. Alitikisa kichwa taratibu. Nikainamisha macho nikaendelea kufikicha kola ya shati ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama!" akaita tena.

Mwanangu, nimefanya mitihani mingi maishani. Hakuna ulionigharimu kama kutoitikia wito ule.

Kisha nikamsikia Nasimiyu akisema, bila kubembeleza, "Mimi nimeshika katikati. Niletee ncha yako." Alikuwa amenyoosha mkono mmoja mbali kushika katikati ya uzi, na mkono wa pili ukiwa umebaki na ncha yake, hivi kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa imefunguka na hakuweza kuifunga. Mtoto alifikiri. Akatembea polepole, uzi mkononi, macho yake kwenye uzi tu, mpaka akafika pale kati ya ile mikono, akaiweka ncha yake juu ya ncha ya mama yake.

"Sasa achilia katikati," akasema.

Uzi ukajisokota. Nanjala akapiga kelele ya furaha, na ili auone vizuri akakaa kwenye paja la mama yake kama anayekaa kwenye kiti.

Hakumwita mama siku hiyo. Alisema neno moja tu: "Tena." Wakarudia mpaka uzi ukaisha, na chapati hazikupikwa, na usiku tulikunywa chai kavu. Jumapili zilizofuata zilikwenda hivyohivyo. Lile neno "mama" lilikuja baadaye, siku ambayo sikuiwekea alama, katikati ya ugomvi mdogo juu ya nani ashike rangi ya bluu. Agosti ilipofika hakuna aliyetaja Bungoma.

Dada yangu aliacha kazi ya kulala kwa mwajiri, akapata vibarua vya kufua mchana, akapanga chumba Kawangware, akaja kumchukua binti yake. Waliondoka asubuhi. Nanjala alikuwa amevaa kamba za rangi zote mkononi, na alipofika kwenye kona aligeuka akapunga.

"Bai, anti!"

Lilikuwa ndilo jina langu la haki. Nikarudi ndani. Sikujua kwamba chumba kidogo namna ile kinaweza kuwa kikubwa. Nilifungua kitabu nikasoma mpaka jioni, na sikumbuki kilihusu nini.

Nilipata ualimu, kama Kukhu alivyokuwa akiniita. Sikujaliwa mtoto. Nanjala sasa ana nyumba yake hukohuko Kawangware na hunipigia simu sikukuu. Mimi ninaishi hapa Nyayo Highrise, ghorofa moja juu yako, na jioni huwasikia wanao kupitia sakafu. Sisemi haya ili unihurumie. Nayasema ili ujue kwamba ninayekushauri naijua gharama ya ushauri wangu.

Basi sikiliza. Tafuta sweta kuukuu, ifumue pamoja na watoto, maana kufumua ni nusu ya furaha. Waanzishe kwa vijiti na kwa mnyororo wa vidole. Mkasi ukae mkononi mwako, na uzi mrefu usiachwe karibu na shingo ya mdogo. Kazi yao ikipinda, iache ipinde. Usiirekebishe wakilala, kwa kuwa asubuhi watajua uliigusa na hawatakwambia. Kisha siku moja chukua uzi mrefu, weka simu chumba kingine, na ushike ncha ya pili wewe mwenyewe, kwa mikono yako, mpaka mwisho. Ikiwa kazi yako inakula juma zima na umebakiwa na Jumapili, acha nguo zirundikane. Na ikiwa siku moja utakabidhiwa mtoto wa mwenzako, mpende kwa nguvu zako zote, lakini mwenye mtoto akija, mpishe, hata ukiitwa mara mbili.

Mungu aibariki mikono yako na ya wanao. Awape mvua nyingi za kuwafungia ndani pamoja, na subira ya kuzifurahia. Awalinde watakapokwenda zao, kwa maana watakwenda. Na siku nyumba yako itakaponyamaza, mwanangu, akujalie ukimya usio na majuto.