Onsongo Alivyochagua Shule kwa Jicho la Mnadani

Kwa kujua ng'ombe, Onsongo wa Kenyenya hakuwa na mpinzani; anayebisha aende mnadani Ogembo akaulize. Angemwona fahali angali ng'ambo ya mto akakwambia ana minyoo. Sasa mtu kama huyo atashindwaje kumchagulia mtoto shule?

Mwaka wa 1967 mwanawe, Omwenga, alimaliza kidato cha nne akapata nafasi mbili. Moja ilikuwa ya kidato cha tano katika shule ya misheni, na huko ndiko moyo wake ulikokuwa, maana alitaka kuwa daktari wa mifugo. Ya pili ilikuwa katika chuo cha biashara cha mtu binafsi mjini Kisii, kilichosifika kwa bendi kuliko vitabu. Onsongo akasema yeye hanunui bila kuona. Wakaenda.

Misheni waliwakuta wanafunzi wakifyeka nyasi kimya kimya, mbavu nje. Onsongo akamshika mmoja, akamvuta kope la chini.

"Huyu hana damu."

"Tata, wanakonda kwa kusoma," Omwenga alimsihi baba yake.

"Na fahali akikonda kwa kulima, nimnunue?"

Chuoni ilikuwa Jumamosi. Vijana mashavu tele, nywele zinang'aa mafuta, suruali zimebana hata unaogopa wasije wakapiga chafya. Wanacheza twisti! Onsongo akawazunguka, akawakagua mbele na nyuma.

"Hawa wanatunzwa," akasema.

Omwenga alitaka kubisha, lakini gitaa lilikuwa limeshamkamata miguu. Nafasi ya misheni ikaenda kwa Angwenyi, mtoto wa jirani.

Mwaka wa pili haukuisha. Mwenye chuo alitoweka, na magitaa pia. Omwenga akarudi nyumbani na twisti yake, ambayo hakuna ofisi iliyoitaka. Alikwenda misheni kuomba; wakamwambia umri umempita. Basi akawa mswagaji wa ng'ombe za baba yake.

Mwaka wa 1975 serikali ilileta chanjo Kenyenya. Daktari akashuka kwenye gari, koti jeupe linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Angwenyi!

Omwenga alikuwa amemkaba fahali pembe, ile suruali ya twisti imetoboka magoti.

"Mwone," Onsongo akamnong'oneza, amejaa ushindi. "Mpaka leo hajanenepa!"

"Mshike vizuri, ndugu yangu," Angwenyi akasema, sindano mkononi.

Omwenga akamshika vizuri.