Waliobonyeza Kwamba Watakuja

Nimetangaza mambo mengi maishani, hata ufunguzi wa duka la matairi, na sijutii hata moja isipokuwa darasa la ushonaji la tata wangu. Tata ndivyo tunavyomwita dada wa mama. Huyu wangu ndiye aliyenilea likizo zote za shule nyumbani kwake Kiganjo, mtaa wa Thika, na mpaka leo nikipita Thika bila kumwona, nalala vibaya.

Alishona katika kiwanda cha nguo mpaka nywele zikaota mvi. Alipoacha kazi alikuwa na mashine tatu na nia moja, kuwafundisha wasichana wa mtaani kushona. Karibu na shule ya msingi kulikuwa na chumba kitupu, na mwenye nyumba, kwa kumheshimu, alimwachia akitumie mwezi mmoja. Akipata wanafunzi kumi, chumba ni chake. Asipopata, kuna muuza simu aliyekuwa anakisubiri kwa hamu. Tata akaamua kufanya siku ya ufunguzi, watu waje, waone mashine, waandikishe watoto wao.

Mimi wakati huo nilikuwa Ruiru, katika ofisi ya watu wanne iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikiandika matangazo ya biashara za wenzetu. Mtandao ule wa watu wa kazi, ule ambao kila mtu amevaa koti kwenye picha, ulikuwa umetuletea kitu kipya. Unafungua ukurasa wa tukio lako, unaweka picha, saa na mahali, kisha unawaalika wote unaowajua kwa mpigo mmoja. Anayekubali anabonyeza kwamba atahudhuria, na jina lake linaingia kwenye orodha. Nilikipenda kitu kile kupita kiasi. Nilifungua ukurasa wa Tata Jumatatu asubuhi, na kufikia Ijumaa majina yalikuwa yamepita mia.

Nilimpelekea simu akaone. Akavaa miwani, akaanza kuwapitia mmoja mmoja.

"Huyu ni nani?"

"Ni manager wa benki, Tata."

"Ananijua?"

"Hakujui, lakini anakuja."

"Anakuja kufanya nini?"

Nikacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo, kwa sababu mwezi ule wote hilo ndilo swali pekee la maana lililoulizwa, na aliyeuliza ndiye niliyemcheka.

Sasa niseme jambo ambalo nililijua tangu utotoni na nikalipuuza. Tata ana chama cha akina mama kumi na mmoja, wote wa kanisa moja. Katika chama hicho mtu haalikwi. Mtu hupewa kazi. Ukiwa na shughuli unapita kwa kila mmoja mlangoni: wewe utaleta sufuria ile kubwa, wewe utamenya viazi, wewe chai ni yako. Hapo ndipo mtu anajua anatakiwa, na hatakuja peke yake. Atakuja na mabinti zake, na mke wa mwanawe, na jirani wa kumsaidia kumenya. Asiyepewa kazi hubaki kwake. Kumwambia "karibu tu" ni kumwambia kwamba ni mgeni.

Na mimi, mtoto niliyelala kwenye magunia ya viazi katika shughuli hizo, nilimwambia Tata asiwasumbue. Nilitaka mambo yapendeze. Nilimwambia nitatafuta wapishi wa kukodi, wenye aproni nyeupe, ili marafiki zake angalau mara moja wakae kwenye viti kama watu.

"Na nisipompa mtu kazi, atajuaje namtaka?" akaniuliza.

"Siku hizi watu hualikwa, Tata. Nitawatumia mwaliko kwa simu."

Akanitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Nilituma kiungo cha ukurasa katika kundi lao la simu. Ukurasa haukufunguka mpaka mtu ajiandikishe, na kujiandikisha kulimtaka aseme kwanza ameajiriwa wapi na cheo chake ni kipi. Akina mama wale wana mashamba, mabanda ya mboga na wajukuu. Mmoja alijibu "Amina". Wengine hawakujibu kitu, nami nikachukulia kimya chao kuwa ni ndiyo. Nilikuwa na haraka ya kurudi kuhesabu majina ya mameneja.

Jumamosi ikafika. Tenti ilikuwa safi, viti vimefungwa utepe, chapati ziko mezani chini ya vitambaa. Tata alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, ya rangi ya kahawia, na akasimama mlangoni tangu saa nne. Katika majina mia na zaidi, walikuja watu sita. Mmoja aliuza bima, na alitumia siku yake kuwagawia kadi wale watano. Baadhi ya wale wasiokuja walinitumia ujumbe mzuri mzuri: wamebanwa, watakuja safari nyingine, Tata ni mfano wa kuigwa. Sikuweza kuwakasirikia. Wiki mbili kabla mimi mwenyewe nilikuwa nimebonyeza kwamba nitahudhuria mafunzo fulani mtaani kule Kahawa Sukari, na siku yenyewe ilipofika nilikaa nyumbani nikaosha nywele. Kwenye mtandao ule kubonyeza ni salamu tu, kama kumpungia mtu mkono ng'ambo ya barabara. Nilijua hivyo pia.

Kama saa saba mmoja wa akina mama wa chama alipita na kikapu chake. Tata akamwita kwa sauti ya furaha. Yule mama akasimama, akaitazama tenti, akawatazama wapishi wenye aproni.

"Tuko na kazi kidogo nyumbani," akasema. Akasalimia kwa heshima, akaenda zake. Tata alibaki amesimama pale mlangoni, na mimi nikajifanya napanga sahani.

Alhamisi iliyofuata chama kilikutana kwa mwenyekiti wao, na Tata akaniomba nimsindikize. Njiani niliapa moyoni kwamba nitasema. Niliyapanga maneno: ni mimi, akina mama, Tata alitaka kuwapa kazi nikamzuia. Maneno machache tu.

Mwenyekiti alitumiminia chai, akaketi, na hakuzunguka. "Mama, tumekukosea wapi? Arusi ya binti yako tulipika sisi. Matanga ya mzee wako tulipika sisi. Hii moja ukaona tutakuaibisha mbele ya watu wa ofisi?"

Tata hakujibu mara moja. Alitazama mikono yake. Kimya kilichukua muda mrefu, na kilikuwa changu; kila mtu mle ndani alikuwa ameniachia nafasi bila kujua. Nikainua kikombe. Niliona aibu, na pia, afadhali niseme kweli, niliogopa akina mama wale wasije wakanidharau.

"Makosa ni yangu," Tata akasema. "Nilijisahau."

Wakamsamehe, maana si watu wabaya. Lakini kusamehewa hakukuleta wanafunzi. Wasichana wa nyumba zile, wale ambao wangekuja na mama zao kumenya viazi na wakaziona mashine, walikuwa wameshaandikishwa katika chuo kimoja cha ushonaji Ruiru. Mwezi ulipoisha Tata alikuwa na wanafunzi wanne. Akafagia chumba, akarudisha ufunguo, na muuza simu akaingia siku hiyo hiyo. Mashine mbili ziko sebuleni chini ya shuka. Ya tatu iko barazani, na kazi yake ni kukunja pindo za suruali za watoto wa shule.

Ofisini kwetu bosi alipiga picha ya ukurasa ule, yenye orodha yote ya majina, akaiweka katika karatasi tunazowaonyesha wateja wapya ili wajue tunavyoweza kuvuta watu. Nilimwacha. Imeonyeshwa kwa wateja wengi, na mara mbili ni mimi niliyeionyesha.

Mwezi wa nne mwaka huu nilienda Kiganjo. Tata alikuwa barazani akishona sketi ya sare. Alikuwa ameniwekea uji, tukaongea habari za mvua na za binamu zangu, na mwishowe nikajikaza.

"Tata, siku ile kwa mwenyekiti. Nilikuwa nataka kusema ni mimi."

Akakata uzi kwa meno, akaigeuza sketi upande wa pili.

"Najua, mami," akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza kwanza. Nilikuwa nakungoja."