Sampuli Namba Saba Iko Kichwani mwa Tonton Déo

Kisa hiki kimenigharimu makopo kumi na mawili ya unga, suti moja ya kuazima, kitambaa cha kichwa cha mama, rasta za dada yangu, na neno moja fupi ambalo nimelitafuta miaka saba: Docteur. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lile lile. Naona haya kukisimulia, lakini kwa kuwa Bukavu nzima inakisimulia vibaya, na midomoni mwa watu wa Bagira makopo yameshafika hamsini, afadhali mwenyewe nitoe hesabu ya kweli.

Mimi ni injinia wa ujenzi. Mji wetu mnaujua, nyumba zimepandana mlimani kama watu wanaogombea kuona mpira, na mvua ikinyesha sana, nyumba ya juu inaitembelea ya chini bila kubisha hodi. Basi thèse yangu, yaani kitabu cha kuombea udaktari, ilihusu kitu kimoja tu: unga wa udongo mweupe wa kule Miti, uliochomwa kwenye tanuru, ukachanganywa na chokaa na saruji kidogo, ili ushikilie kuta za mlimani hata mvua ikipiga. Miaka saba. Miwili ya kuchimba na kuchoma, mitano ya kungoja profesa msimamizi wangu arudishe kurasa alizochukua akisema atazisoma leo leo. (Miwili na mitano ni saba, nimehakikisha.)

Sharti la jury, yaani maprofesa wa kunipima, lilikuwa rahisi: siku ya kuitetea thèse mbele ya watu nilete sampuli kumi na mbili za ule unga, kila moja kwenye chombo chake chenye namba, niwakabidhi mwishoni. Profesa mgeni, aliyetoka mbali na ambaye hakuniamini tangu salamu, angeondoka nazo akazipime kwenye mashine yake. Na unga ulikuwa ule tu uliobaki, wa tanuru la mwisho, maana pale nilipokuwa nikichimba mtu ameshajenga nyumba (kwa saruji ya dukani, wala hakuniuliza).

Sasa vyombo. Vyombo vya maabara, vile vyenye kifuniko cha kukaza, vinauzwa. Nilipatana bei na muuzaji nusu saa nzima, akakataa kushuka, nikaondoka nikitembea polepole ili aniite, hakuniita. Njiani nikapita saluni ya dada yangu Furaha, nikaona karto, boksi la kadibodi, imejaa makopo matupu ya poudre, ile ya kupaka watoto wakitoka kuoga. Bure kabisa. Nikachagua kumi na mawili, nikayaosha, nikayakausha, nikayajaza unga wangu, nikaandika namba kwenye kila kitako.

Mama akanitazama. "Bahati, doctorat mu kopo ya poudre?"

Nikamjibu kwa kiburi chote: "Mama, jury inapima yenye iko ndani."

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo hivyo.

Kwa wasiojua: kwetu mtu akifaulu, awe mtoto wa mtihani wa mwisho wa sekondari au mzee wa chuo kikuu kama mimi, anamwagiwa poudre kichwani mpaka afanane na mandazi ambayo hayajakaangwa, na ndugu zake nao wanamwagiana. Kazi ya kununua poudre alipewa Tonton Déo, mdogo wake mama, ndiye aliyenifundisha kupatana bei tangu nikiwa mtoto, na ana nywele nyingi alizozifuga tangu enzi zake za orkestra, ambazo sijawahi kuona mkasi ukizikaribia.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Nilieleza kurasa mia tatu kwa dakika arobaini na tano, nikatoka jasho, nikajibu maswali, mpaka profesa mgeni akavua miwani.

"Bwana mtahiniwa, unga huu ukilowa, unashika baada ya muda gani?"

"Saa moja, Profesa. Baada ya hapo utahitaji nyundo."

Akaandika kitu. Jury ikainuka kwenda kushauriana faraghani, watu wakapiga makofi kama ilivyo desturi, nami nikatoka uani kutafuta hewa, karto yangu nimeiacha chini ya meza.

Nilichosikia kwanza ni vigelegele.

"Mutoto wetu amepita!" Tonton Déo huyo, na nyuma yake ukoo mzima.

"Tonton, bado! Banaenda kwanza kujadili!"

"Weye nyamaza, Docteur. Nimeona ile profesa ya mbali iko anaandika. Mutu anaandikaka juu ya mutu mubaya?"

Unga wa kopo la kwanza ukanishukia kichwani. Na hapo ndipo pua yangu ilipoelewa kabla yangu, kwa sababu poudre ya watoto inanukia maua, na hii ilinukia tanuru.

"Tonton, hii poudre umenunua wapi?"

"Ninunue ya nini? Nimekuta zako chini ya meza, kumi na mbili, zimejaa. Nikasema, mutoto huyu iko na akili, amenitangulia. Feza nikarudisha mu mufuko."

Nikapiga ukelele. Nikaanza kukimbia kutoka mtu hadi mtu, nimekinga viganja niudake unga unaoanguka, naruka huku, nachutama kule mpaka suti ya kuazima ikapasuka, na ndugu zangu wakadhani ni mtindo mpya wa kucheza, wakauiga. Watu ishirini na wawili wamekinga viganja, wanaruka na kuchutama. Mpiga picha akawa anashangilia: "Docteur, rudilia ile ya mikono!"

Nilipofika kwa Tonton, alikuwa anageuza makopo kusoma vitako. "Namba saba iko wapi? Mimi ni wa saba kwa mama yangu." Akaiona. Akaimimina yote katika nywele zake, akaishindilia kwa vidole mpaka kwenye mizizi. Namba saba, wapenzi wasomaji, ndiyo sura ya nne ya thèse. Ndiyo thèse yenyewe. Zile nyingine kumi na moja zilikuwa za kulinganisha nayo tu.

Kisha mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na haraka, na kwa kuwa mpiga picha alikuwa hajamaliza, hakuna aliyehama. Jury ilikaa ndani saa moja na dakika kumi. (Nilipima kwa saa ya ukutani na kwa simu ya mama.)

Tulipoitwa, rais wa jury akasema kwa sauti ya ibada: "Mtahiniwa akabidhi sampuli."

Furaha, ambaye anapenda usafi, alikuwa ameyarudisha makopo yote kwenye karto, yamefunikwa, yamepangwa kwa namba. Nikayaweka mezani. Profesa mgeni akanyanyua moja, akalitikisa sikioni, akanyanyua la pili, akalitikisa.

"Ziko wapi?"

Nikaonyesha kwa mdomo, safu ya tatu, upande wa ukoo wangu.

Akashuka kwenda kukagua. Kichwa changu nilikuwa nimekinyoa jana yake, mvua ilishakisafisha. Mama alikuwa ameshafua kitambaa chake bombani, na kwa sababu alikifikicha kikiwa kimeanza kushika, kimechanika. Furaha aliona rasta zinakuwa nzito, akazikata, akazitupa kwenye bonde nyuma ya ukumbi. Unga ulioanguka uani ulikuwa umechanganyika na matope. Tonton Déo peke yake alikaa wima kama askari, si kwa heshima, ni kwamba shingo haikuthubutu kuinama.

Profesa akatoa kalamu. "Papa, unaruhusu?"

"Piga tu, Profesa."

Ko. Ko. Halafu sauti moja kutoka nyuma: "Karibu ndani!"

Sikumbuki mengi baada ya hapo, nilikuwa nimefunika uso. Nakumbuka hukumu: thèse imekubaliwa, ila diploma haitatiwa sahihi mpaka profesa mgeni apokee kipande cha sampuli namba saba, ile ile, ukubwa wa kiberiti, ndani ya siku thelathini. Isipofika, kazi yote inaanza upya.

Kesho yake nikaenda kwa Tonton na mkasi na jogoo.

"Tonton, nimekuja kukunyoa."

"Karibu, mutahiniwa." (Jana nilikuwa Docteur.) "Ile jogoo iko ya nini?"

"Ya shukrani."

"Jogoo? Kwa kichwa ya science? Sikia, mutoto wangu. Kule Kamituga batu banavunja mawe bila kujua kama zahabu iko ndani. Hii yangu profesa mwenyewe alipiga, ikajibu. Leta mbuzi. Na mu ile kitabu, kwa ukurasa ya kushukuru, jina langu itangulie ya profesa wako."

"Tonton, unga ni wangu!"

"Na kichwa?"

Nikaondoka polepole ili aniite. Hakuniita.

Tangu hapo analala ameketi na haogi bila kofia ya plastiki, analinda mali. Jumapili padri alipopita na maji ya baraka nilifumba macho, kumbe bure, kitu kimeshika kama nilivyoandika ukurasa wa mia moja na kumi. Ila nywele zinaota. Kipande kinanyanyuka kidogo kidogo, kina ufa upande wa kushoto, na jana nimemwona akijikuna kwa msumari.

Nimeapa: kazi yangu haitakaa tena katika kopo la kitu kingine, na muuzaji wa vyombo nitamlipa anachotaka, nikimwita mkubwa. Lakini kiapo hakinyoi mtu. Siku zimebaki kumi na moja. Nimehesabu tena: kumi, maana hii ya leo imekwisha. Kwa hiyo nawauliza nyinyi wenye wajomba: nikubali mbuzi na ukurasa, halafu nimweleze vipi profesa wangu msimamizi, aliyekaa na kurasa zangu miaka mitano, kwamba ametanguliwa na nywele? Au ningoje Tonton asinzie? Nijibuni upesi. Na kama kuna mwenye mbuzi wa kuazimisha, hata aliyekonda, namuomba. Nitamrudishia mwingine siku nitakapoitwa Docteur na mtu asiye ndugu yangu.